Njia Nzima Waliniita Mama Mapasa

Wenzangu wa korali, tangu tumerudi hamniachi. Mazoezi yakiisha mnanizunguka mlangoni: Ngoie, ilikuwaje, ulipita kweli kwa askari, ni kweli ulicheza ngoma? Kila mmoja nilimwambia kipande, na sasa vipande hivyo vinatembea mjini vikiwa vimevaa nguo ambazo mimi sikuvivisha. Juzi dukani nimesikia eti nilimpiga askari kwa yai. Bora niandike yote mara moja, msome na kupokezana. Shule niliiacha mapema, mnajua kwa nini, kwa hiyo mwandiko mnivumilie.

Kwa wale wasioijua nyumba yetu: tuko wanne. Mimi ndiye mkubwa. Ananifuata Ilunga, mwenye miaka kumi, ambaye huuliza maswali hata akiwa usingizini. Halafu wapo mapasa, kama tunavyowaita mapacha huku kwetu: Kyungu, mvulana, na Kabange, msichana, wana miaka sita. Baba, aliyekuwa mwalimu, alifariki kwanza. Mama akamfuata mapasa wakiwa hawajaanza kutembea. Tangu hapo kupika, kufua na kushona ni mimi.

Mama aliondoka na jambo moja halijafanyika. Kwao, ng'ambo ya Kabongo, mapasa wakizaliwa sharti wapelekwe kijijini wakachezewe ngoma yao. Upande wa mama husimama huku, upande wa baba kule, nao hutukanana kwa nyimbo mpaka koo zikauke. Baba alikuwa mtu wa kanisa, na matusi hakuyataka hata ya kuimba. Alisema baadaye, baadaye, mpaka mauti yakamkuta.

Mwaka huu askari wa zamani walipita Kamina wakikimbia, wapya wakaja nyuma yao, kisha kiangazi kikaingia na njia zikafunguka tena. Nkambo, yaani mama yake mama, akatuma neno kwa dereva wa lori: niletee watoto niwaone. Mjomba Banza, mdogo wa mama, akaongeza la kwake kwa mdomo wa dereva yuleyule: nyumba yangu ni kubwa, mtoto mmoja atapata nafasi.

Baba mdogo, ndugu ya baba anayekaa mtaa wa pili, alinionya. "Ukienda na watatu utarudi na wawili," alisema. "Watu wa kwa mama yako wanajua kuomba."

Ilunga alikuwa nyuma ya mlango. Akanifuata jikoni akiniita Yaya, dada mkubwa, kama wanavyoniita wote watatu.

"Yaya, ni nani atabaki?"

"Hakuna."

"Unaapa?"

Niliapa. Safari nzima niliibeba ahadi ile pamoja na masufuria.

Kamina: lori lisiloondoka

Lori la Papa Kasongo lilikuwa liondoke alfajiri kwenda Kabongo kuchukua mahindi. Tulifika gizani na mikeka yetu. Jua likapanda. Papa Kasongo akatoka chini ya injini na uso mweusi kwa mafuta, akasema, "Leo hii hii." Jioni akasema kesho. Kesho yake akasema leo hii hii. Tulilala hapohapo kwenye maegesho na abiria wengine, na tuliondoka wakati ambapo hakuna aliyekuwa bado akitazama lori.

Sikuchoka, kwa sababu mapasa walikuwa wamepata kazi. Mnaijua desturi: ukikutana na mapasa huwapiti bure. Utawapa chochote, hata kidogo, lakini sawasawa. Wauza mikate waliwapa mkate mmoja mmoja. Fundi wa matairi, ambaye hakuwa na kitu, aliwapa nati mbili zilizochakaa, akazipima kwanza kidole kwa kidole. Kyungu na Kabange walikaa juu ya gunia kama machifu wanaopokea kodi.

Hapo ndipo alipotokea Mama Numbi, mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kusikika toka stesheni. Aliwagawia mapasa karanga, konzi na konzi, halafu akanitazama juu mpaka chini.

"Mama Mapasa! Na ule mwili sawa fimbo, ulizaa babili mara moya?"

"Hapana, mama. Minyi niko yaya yabo."

"Unabapikia?"

"Ndiyo."

"Unabafulia?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini ya nini? Weye njo Mama Mapasa."

Alipokwisha kuamua kwamba ndimi, akapiga makofi na kuanza kuimba. Ninyi mnajua nyimbo za mapasa, au mmezisikia mkiwa nyuma ya ukuta. Maneno yake hayaingii kanisani. Wanawake wote waliokuwa juu ya lori walimpokea, na kila mwisho wa ubeti walinielekezea vidole ili nijibu, maana mama wa mapasa akitukanwa hujibu kwa tusi kubwa zaidi. Mimi nikaangalia mbali nikiimba chinichini wimbo wetu wa sauti ya pili, ule wa Pasaka.

"Anatuombea!" Mama Numbi alisema, na lori zima likacheka.

Mchanga

Ukitoka Kamina njia ni mchanga. Lori lilikuwa likienda kama mtu aliyelewa lutuku, likiyumba huku, likiyumba kule, kisha linakaa. Likikaa, tunashuka. Wanaume wanachimba, wanawake wanakata matawi na kuyatandika mbele ya magurudumu, na watoto wanatoa amri. Kyungu alijifunza siku hiyo kupiga kelele "Tia gazi!" na hajaacha mpaka leo. Majirani zangu ni mashahidi.

Pembeni mwa njia tulikuta gari la askari lililoungua, limebaki mifupa. Ilunga alitaka kulipanda, nikamkataza. Kabange alilitazama kwa muda.

"Ni nani alilichoma?"

"Vita."

"Vita yenyewe iko wapi sasa?"

"Imeenda."

"Imeenda kwao?"

Nilisema ndiyo. Papa Kasongo, aliyekuwa akinywa munkoyo wa mahindi kivulini, akasema polepole, "Kama iko na kwao, ikae kule kule."

Mchana ule tulikaa vibaya kuliko kote, ekseli ndani ya mchanga. Kulikuwa na kijiji karibu. Sijui habari ilifikaje, lakini muda si mrefu wanawake walikuja mstari mmoja wakiimba, kwa sababu walisikia Mama Mapasa amekwama. Walileta viazi vitamu viwili, maembe hapana kwani si wakati wake, mabua mawili ya miwa na vibakuli viwili vya viwavi vilivyokaangwa na chumvi. Nikawaambia tena: mimi ni dada yao, mama alifariki. Mzee mmoja wa kike alinishika mkono, akanipa pole ndefu ya kweli, na alipomaliza akasema, "Basi, Mama Mapasa, kula, upate nguvu." Nikaacha kueleza.

Tulipika pamoja bukari, yaani ugali, watu wa lori na wenyeji, kwa sufuria moja kubwa. Mama Numbi alitoa samaki wake mwenyewe na kunung'unika kila alipotupa mmoja ndani. Ilunga alikaa kando amenuna.

"Mimi nilizaliwa vibaya," alisema. "Nilizaliwa peke yangu."

Mama Numbi alimsikia. Alimchagulia samaki mwenye kichwa kikubwa akampa. "Ya kwako. Ukiwa na mapasa nyuma, weye njo unabeba muzigo. Mubebaji anakula." Tangu hapo Ilunga alikaa karibu naye, na nyimbo zote za aibu alizozijua mama yule, watoto wangu walizijua kabla ya Kabongo. Niliwaziba masikio, lakini nina mikono miwili na wao wana masikio sita.

Bariyeri

Kabla ya Kabongo kulikuwa na kizuizi cha askari: gogo kati ya mawe mawili, kibanda cha majani, vijana watatu wenye bunduki na ndala. Walikuwa wametoka mbali, mashariki, na Kiswahili chao kilikuwa kingine, kama cha redio. Tukaambiwa tushuke wote. Mizigo ilifunguliwa. Mama Numbi, aliyekuwa akiongea tangu Kamina, alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko bunduki.

Mmoja wao, labda wa umri wangu, aliwaona mapasa. Uso wake ukalegea. Akatoa mfukoni pakiti ya biskuti, akampa Kabange. Kisha akageuka kwenda.

Lori zima likapiga ukelele. "Aaa! Hapana!"

Yule kijana aligeuka na bunduki. Wenzake wakasimama. Sisi tulikuwa tunapiga kelele kwa ajili ya biskuti. Wao walidhani watu wamegoma.

"Nimefanya nini? Nani amesema hapana?"

Kabange alikuwa ameishika pakiti bila kuifungua, kwa sababu anajua. Kyungu alikuwa akiitazama miguu yake, midomo ikitetemeka. Papa Kasongo akainua mikono, akaeleza kwa sauti ndogo kwamba hawa ni mapasa, ukimpa huyu na huyu umpe, vilevile, si nusu, vinginevyo mabaya yanamfuata aliyetoa.

"Mimi?" askari akauliza. "Yanifuate mimi?"

"Weye, mutoto yangu," Mama Numbi akasema, akiwa amepata sauti yake. "Na unatembea na lisasi. Usicheze."

Askari alifikiri. Halafu alimwendea mwenzake, wakabishana, wakavutana shati, na pakiti ya pili ikatoka ndani ya begi la mwenzake aliyekuwa ameificha. Akampa Kyungu kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi, na yule kijana akacheka. Nikaona kwamba hana jino moja la mbele, ni mtoto tu wa watu.

Ingekuwa imeisha hapo, lakini akauliza: "Mama yao ni nani?"

Wanawake wote wakanisukuma mbele. Nami, kwa mazoea, nikasema, "Si mama yao. Mimi ni dada."

Kicheko chake kikaisha. "Mama yao yuko wapi?"

"Alikufa."

"Na baba?"

"Alikufa."

"Basi unawapeleka wapi watoto wa watu? Nani amekutuma?" Akamvuta Kyungu upande wake, si kwa ubaya, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto. Alisema wakati wa vita ameona watoto wakichukuliwa njiani hivi hivi. Nilitaka kueleza, na maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya Kifaransa cha shule, hayakusaidia. Kyungu akaanza kulia. Kabange akamfuata, sawasawa.

Mama Numbi ndiye aliyepita katikati yetu. "Muache, baba. Huyu njo mama yabo. Iko na haya tu, sababu hayaolewa." Akanigeukia mimi kwa hasira. "Sema!"

Sikusema. Nilipiga magoti tu, Kyungu akamtoka askari, na wote wawili wakanirukia shingoni, wakanichafua kwa biskuti na kamasi. Askari akatazama. Akainua gogo mwenyewe.

Lori lilipokuwa limeenda, Mama Numbi aliniambia bila kunitazama: "Siku ingine utajibu, ao utabapoteza."

Kabongo, kisha baiskeli

Kabongo tulilala kwa jamaa ya Papa Kasongo. Tuliaga lori, na Mama Numbi akaniachia chumvi ya Nkambo iliyofungwa kwenye jani. Toka pale hakuna gari. Tulipata vijana wawili wenye kinga, yaani baiskeli, ambazo kwa kweli hupandwa kidogo na kusukumwa sana. Mapasa wakakaa nyuma, mmoja huku, mmoja huku, mimi na Ilunga kwa miguu.

Tatizo ni kwamba njia ni nyembamba, baiskeli moja lazima iwe mbele. Kyungu akiwa mbele, Kabange alilia. Kabange akiwa mbele, Kyungu alitaka kushuka. Vijana wale wakakubaliana jambo la busara: kila kichuguu tukikifikia, wabadilishane. Nanyi mnaijua nchi ile, vichuguu kama nyumba. Tulibadilishana mpaka vijana wenyewe wakaanza kubishana kama kile kilikuwa kichuguu au udongo tu.

Kwenye mto mdogo daraja lilikuwa limebaki vyuma, mbao zilikuwa zimechukuliwa wakati wa vita kwa kuni. Watu waliokuwa wakiloweka mihogo walitubeba mabegani. Mwanamume aliyembeba Kyungu alisita katikati ya maji mpaka aliyembeba Kabange alipomfikia, wakapanda ukingo pamoja hatua kwa hatua. Hakuna aliyewaambia.

Niliwatazama nikafikiri: njia nzima, hata maji, hakuna aliyewatenga. Nami nawapeleka kwa mtu atakayeniomba nimwachie mmoja.

Kwa Nkambo

Nkambo haoni vizuri tena. Tulipopiga magoti na kupiga makofi ya salamu, aliitika "Eyo vidye" kwa kila mmoja wetu, kana kwamba tulikuwa wakubwa, kisha akatuvuta mmoja mmoja akatusoma nyuso kwa vidole. Kwangu alikawia. "Pua ya mama yako," alisema. Ilunga akauliza kama pua yake pia. "Yako ya baba yako, pole." Tulicheka sote, naye akalia kidogo akicheka.

Mjomba Banza ni mrefu, miguu mirefu kuliko mwili, mtu mpole. Mke wake wanamwita Mama Feliki. Feliki alikuwa mtoto wao wa pekee. Walipokimbia msituni askari walipopita, alishikwa na homa, na hakukuwa na dawa. Kitanda chake kidogo cha fito bado kipo ndani, kimetandikwa. Nilikiona, na nikaelewa neno lile la nafasi.

Tulikula kuku na sombe, majani ya mihogo. Mama Feliki aliwakatia Kyungu na Kabange mapaja, akamchagulia Ilunga firigisi, na yeye hakula, alikuwa akiwatazama wakitafuna.

Siku ya pili Mjomba aliniita kwenye uchanja wa mihogo.

"Ngoie, umefanya kazi kubwa. Nipatie Kyungu. Kabange urudi naye."

"Tonton, mapasa hawagawanywi."

"Najua. Nilijaribu tu." Akageuza vipande vya mihogo ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. "Basi babaki bote babili. Weye ni kijana. Upate bwana, uzae ba kwako. Hapa kuko mashamba, kuko mama mukubwa wa kubalea. Mama Feliki hajacheka toka mvua ya mwisho. Jana alicheka."

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Nilimwambia nimeapa. Akasema kesho ni ngoma, na ngoma itasema. Sikuelewa. Nilimuuliza Nkambo, naye akanieleza huku akisaga chumvi ya Mama Numbi: upande wa mama utaimba matusi, na upande wa baba utajibu. Upande usiojibu umewaacha watoto.

"Na upande wa baba ni nani?"

"Baba yako amekufa. Ndugu yake hakuja. Sijui, mwanangu. Mimi macho hayaoni nani amekuja."

Asubuhi uwanja ulijaa. Mapasa walipakwa pemba, ule udongo mweupe, wakakalishwa juu ya mkeka mmoja. Upande huu walisimama Mjomba, Mama Feliki, na kijiji kizima chenye ngoma na nyungo za kupepetea. Upande ule palikuwa na vumbi. Nilisimama karibu na mkeka, si huku wala si kule, na Ilunga kanishika sketi.

Wakaimba. Walimtukana baba yangu, mwalimu aliyevaa tai lakini hakujua la kufanya na suruali. Walitukana Kamina yote kwa reli yake. Watu walikuwa wakianguka kwa kucheka. Kisha ngoma zikakatika, wakasubiri jibu. Hakuna kitu. Wakaimba tena, wakasubiri tena. Kuku alipita.

Mjomba akasema, si kwa kiburi, "Upande wa baba hakuna muntu. Basi batoto beko na upande moya."

Mama Feliki alipiga hatua kwenda kwenye mkeka, mikono imeshafunguka. Kabange akamtazama, akanitazama mimi, akanivuta kidole.

"Yaya, imba ile ya Mama Numbi."

Wapendwa, ninyi mnanijua. Miaka yote hii nimesimama mstari wa pili na kitambaa cheupe kichwani. Nilivuka uwanja. Nikasimama kwenye lile vumbi la upande wa baba, mimi binti yake, nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile mnayonisifia siku za sikukuu:

"Banza, miguu ya korongo! Alipanda kitanda, kitanda kikauliza: hii miguu mingine ni ya nani?"

Huo ndio mwanzo. Unaosalia sitauandika, na mkiniuliza kanisani nitakana.

Halafu Nkambo akacheka, kicheko cha msichana, akapiga paja lake, na uwanja ukalipuka. Mjomba aliishika miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza ameiona. Mimi nikaendelea. Nilitukana kijiji, nikatukana mihogo yao, nikatukana daraja lao lisilo na mbao. Ilunga akaja kunisaidia kiitikio, na hata mapasa wakaitika kwenye mkeka, kinyume cha desturi.

Sikujua kama imetosha mpaka Mama Feliki alipofanya jambo lake. Alikuwa amesimama katikati, kati yangu na mkeka. Alitazama watoto. Kisha akarudi nyuma hatua zilezile alizokuja nazo, akajiunga na upande wake, akaweka mikono kiunoni na kunijibu:

"Mama Mapasa, mwili sawa fimbo! Alipozaa babili, wa kwanza alitoka, wa pili akauliza mulango iko wapi!"

Alikuwa akiimba na machozi yanamtiririka, na alikuwa akicheka. Tulitukanana mimi na yeye mpaka sauti zetu zikaisha zote mbili. Nkambo akaongozwa mpaka kwangu, akanipaka pemba kwenye paji la uso, pana, kwa vidole vitatu.

Mjomba alinijia nikiwa nakunywa maji. "Korongo," alisema akitikisa kichwa. "Nani alikufundisha?" Hakuuliza tena habari ya kubaki. Ila Mama Feliki aliniuliza kama vakanse, yaani likizo, ijayo nitawaleta, na nikamwambia ndiyo, wote, na kwamba kile kitanda kidogo wakilala mzungu wa nne kitawatosha wawili. Alienda ndani kukipima.

Kurudi

Mjomba alitusindikiza mpaka Kabongo. Aliwabeba mapasa mabegani, mmoja huku na mmoja huku, kwa hiyo vichuguu havikutusumbua. Nkambo alikuwa amempa kila mmoja kuku jike, wote weusi, wa ukubwa mmoja. Aliwapima kwa mikono.

Lori lilikuwa lilelile, sasa juu ya mahindi, na Mama Numbi akiwa juu ya mahindi. Aliona pemba iliyobaki kwenye nywele zangu. Akanipisha mahali pazuri.

Karibu na bariyeri kuku wa Kabange akataga yai kwenye kikapu.

Kuku wa Kyungu hakutaga. Tulisubiri. Lori zima lilimtazama kuku wa Kyungu. Mama Numbi alimtisha, Papa Kasongo alisimamisha injini ili asiogope, lakini wapi. Kyungu alianza kutetemeka midomo. Kabange alishika yai lake asijue kama ni furaha au kosa.

Tukafika kwenye gogo. Askari alikuwa yule wa biskuti. Alipofungua mdomo kuuliza, niliruka chini nikamfikia kabla.

"Hawa ni wangu," nilimwambia. "Wote watatu. Mimi ndiye Mama Mapasa. Tuna yai moja, na tunataka la pili."

Alinitazama, akatazama lori, akatazama yai mkononi mwa Kabange. Akaita wenzake. Nyuma ya kibanda walifuga kuku, mali ya nani sikuuliza. Tulimsikia akihangaika na mabawa kule nyuma, na akarudi na yai, na manyoya kwenye kofia. Kabla ya kulitoa alimwomba Kabange lake, akayashika yote mawili juani, akayapima.

"La kwangu ni dogo kidogo," alisema kwa wasiwasi.

Nikayatazama vizuri. Nikamwambia yote mawili ni sawasawa.